Bi Sahihi na Amana ya Seremala

Pale hospitali, wengi hawakujua jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Sahihi, kwa sababu alitunza stoo ya mashuka kwa miaka kumi na tisa na hakuna hata foronya iliyotoka humo bila mtu kutia sahihi. Wengine walimwita hivyo kwa mapenzi, wengine huku wakisonya. Aliwaitikia wote.

Nyumbani alikuwa mtoto wa kufikia. Mama yake aliolewa na seremala yeye akiwa na miaka minne, kisha wakazaliwa wadogo zake wawili: wa kiume, aliyekuja kuwa fundi katika karakana ya baba, na wa kike, mwalimu. Seremala hakumbagua hata siku moja. Ila mashangazi walizoea kumtambulisha kwa wageni, "Huyu alikuja na mama yake," utadhani wanataja sanduku.

Miaka ikapita, mama akafariki, na mzee naye akaanza kuishiwa pumzi. Siku moja akawaita watoto wote watatu sebuleni. Alikuwapo pia mwanasheria, binti mwembamba mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoinama. Mwanasheria akawaeleza kwamba karakana na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha havitagawanywa. Vitawekwa katika amana ya familia, na mapato yake yatasomesha wajukuu mpaka wa mwisho amalize.

"Sasa anatakiwa msimamizi," akasema. "Mtu wa kuvitunza kwa ajili ya wote, asivifanye vyake."

Fundi akajiweka sawa kitini. Nani mwingine, kama si mwana wa kiume?

"Dada yenu," mzee akasema, akimwelekezea Bi Sahihi kidevu.

Kisha fundi akajikaza. "Baba, dada ni dada, simkatai. Lakini watu watasemaje?"

"Watasema. Si wana midomo?" Mzee akakohoa, akangoja pumzi imrudie. "Mnakumbuka nilipotengeneza makabati ya hospitali? Mvua inakuja, mbao zangu ziko nje. Nikakimbilia stoo, nikamwomba huyu shuka moja la kufunikia. Kuukuu, tena limechanika! Akaniambia, 'Baba, lete karatasi.' Mimi! Niliyemfundisha kuendesha baiskeli! Nikaifuata karatasi jengo la pili, nikarudi nimelowa chapachapa. Sikusema naye siku nne."

"Sita," akasema Bi Sahihi.

Mwalimu akashindwa kuzuia kicheko.

"Haya, sita. Ya saba nikajiuliza: aliyeninyima mimi, nani atamlaghai?" Akamgeukia mwanawe. "Wewe ukiombwa koti unatoa na shati. Na mwalimu wangu hapa, mtu akilia naye analia. Mali ya watoto inataka mtu anayejua kusema hapana."

Bi Sahihi alitaka kushukuru. Badala yake akaomba hati aisome kwanza. Aliisoma kurasa zote kumi na moja, kidole kikifuata mistari, wenzake wakingoja na chai ikipoa. Ukurasa wa tatu aliandikwa hivi: "binti yangu wa kwanza". Hapakuwa na neno la kufikia. Akaurudia mstari ule, akageukia dirishani kidogo, kisha akaendelea hadi mwisho na kuomba kalamu.

Mzee aliondoka duniani miezi minane baadaye. Hazikupita siku nyingi, tajiri mmoja akaanza kuinyemelea karakana. Alitaka kuibomoa apate maegesho ya magari. Fundi akaja stooni anatokwa jasho.

"Dada, amekuja mara tatu. Naona haya kumkatalia."

"Mlete kwangu."

Tajiri akaja na sauti yake nzito. Dakika kumi hazikuisha, akatoka ananung'unika peke yake.

"Umemwambia nini?" fundi akauliza.

"Nimemsomea ukurasa wa tano, pale panaposema haiuzwi. Akasema tuzungumze kama watu wazima, nikamsomea tena."

Fundi alicheka hadi akashika rafu. Alipotulia akasema polepole, "Baba alituona vizuri. Ningekuwa mimi, sasa hivi tungekuwa tunawapangia watu magari."

Mwaka jana binti wa fundi alihitimu chuo cha umeme, mjukuu wa kwanza kusomeshwa na amana hiyo. Mpiga picha alipouliza mzazi yupi akae katikati, fundi mwenyewe alisogeza kiti.

"Kaa hapo, dada."

Akakaa, mgongo wima, mkoba mapajani. Picha hiyo imetundikwa stooni, juu ya mafungu ya mashuka. Hakucheka humo hata kidogo, lakini thubutu kumuuliza habari za picha: atakutajia alama za binti yule somo kwa somo, na foleni itangoja.