Tulivyosubiri Baridi Kumtoga Mtoto

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani kuja kumwona mjukuu. Alileta ndizi, maparachichi, na sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa, tayari ina uzi.

"Huyu mke mwenzangu wataendelea kumwita kidume mpaka lini?" akaniuliza, akimtazama mjukuu wake wa kike. "Nipe nimtoge masikio."

Mtoto alikuwa bado mchanga. Mimi niliishia darasa la saba, sikuwa na hoja ila maneno ya nesi wa kliniki: subiri chanjo zake za mwanzo ziishe, maana hata kidonda kidogo kinaweza kuingiza pepopunda. Nilimwambia hivyo nikitazama chini.

"Nimetoga mabinti zangu wote. Hiyo pepopunda iko wapi?"

Lazima niwe wa haki. Mawifi zangu wana masikio mazuri kuliko yangu. Aliwatoga kwa sindano ya kuchemsha na uzi wenye mafuta, kisha akaweka kijiti cha ufagio mpaka wakapona. Na mtoto wa jirani yangu hapa Same, aliyetogwa saluni kwa ile bunduki yao ya kutogea, sikio lilitunga usaha. Basi sikujua kama namlinda mwanangu au nataka tu kumshinda mama mkwe.

Mume wangu alisema hayo ni mambo ya wanawake, akatoka.

"Haya, subiri," mama akasema mwishowe. "Lakini usimtogee huku. Jua hili, jasho, vumbi! Mlete kwangu wakati wa baridi."

Moyoni nilicheka. Nilipomweleza nesi, yeye hakucheka. Alisema jasho na vumbi kweli ni vibaya kwa kidonda, ila baridi haisafishi sindano.

Chanjo zile zilipoisha, kule juu baridi ilikuwa imeanza. Tukapanda, tukaenda zahanati ya kijijini. Mama alikuja na sindano yake. Nesi wa pale akafungua mpya kutoka kwenye pakiti, na mama akairudisha yake kwenye kitambaa. Kumwona hivyo kuliniuma.

"Mama, mshike wewe," nikamwambia. "Mimi nitatetemeka."

Akamshika kichwa, akimnong'oneza Kipare. Sikio la kwanza lilikwenda vizuri. La pili mtoto alijipinda, tundu likakaa juu kidogo.

"Ningetoga mimi yangekuwa sawa," mama alisema njiani.

"Labda, mama."

Sikusema kumridhisha. Mpaka leo sijui.

Masikio yalipona yote mawili, hilo lenye tundu la juu pia. Tulikaa kwake mpaka yakakauka, tukiyasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kama nesi alivyoelekeza. Asubuhi ya kwanza, mimi niliyekuwa nimehubiri usafi miezi yote ile, nilinyoosha mkono nigeuze kipini sikioni mwake.

"Umenawa?" mama akauliza kutoka jikoni.

Sikuwa nimenawa.