Tawi la Watu Tisa

Kwa miaka thelathini alisimama kwenye mashine za kusokota nyuzi, na kila aliyejiunga na Chama cha Wavujajasho pale kiwandani, yeye ndiye aliyemwandikia kadi. Ndiyo maana wakamwita Mama Kadi. Bintiye wa pekee alikulia mikutanoni, kwanza mgongoni, kisha chini ya meza akichorachora nyuma ya vipeperushi. Akasoma, akawa wakili, akawa naibu katibu mkuu wa chama.

Kisha kiwanda kikafungwa, na chama kikapukutika. Uchaguzi wa mwisho kilipata diwani mmoja nchi nzima, naye akahama hata kabla ya kuapishwa. Ukaitishwa mkutano mkuu kuamua: kiendelee peke yake, au kijivunje na kuingia chama kikubwa cha upinzani?

Aliyeleta hoja ya kujivunja alikuwa bintiye.

Mama Kadi alivaa sare, akaenda kupinga. "Ndugu zangu, nyumba ikivuja huezekwa, haichomwi moto!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Binti hakujibu kwa hotuba. Aliuliza swali moja tu.

"Ndugu mjumbe, tawi lako lina wanachama wangapi?"

Katika taarifa ya wilaya, mwenyekiti wa tawi alikuwa amejaza mia nne. Mama Kadi alikuwa ameiona. Angesema mia nne, nani angembishia?

"Tisa," alisema. "Wawili hawatoki kitandani."

Makofi yakafa. Mzee mmoja akainuka: "Sisi kumi na wawili." Mwingine: "Kwetu nimebaki mimi tu." Wakaendelea hivyo, kama watu waliotua mzigo. Hoja ikapita.

Nje, binti alimkimbilia. "Mama, nisamehe. Nilijua hutadanganya."

"Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Ulinijua, ukanitumia."

Asubuhi iliyofuata Mama Kadi alizunguka nyumba kwa nyumba, daftari la tawi mkononi, kuwaambia wenzake, maana hakutaka wasikie redioni. Wa mwisho alikuwa fundi mitambo wa zamani, aliyepooza upande mmoja.

"Tumeshinda?"

"Tumejiunga na wengine."

"Tumejiunga, dada, au tumemezwa?"

"Tumemezwa, kaka."

Fundi akageuza uso ukutani. "Basi nikate wewe kwenye daftari. Hao wengine hawanijui."

Mama Kadi akakata jina lake kwa mstari mmoja, taratibu, akamwonyesha. Kisha akavuta kigoda, akakaa naye mpaka mke wa fundi aliporudi kutoka sokoni.

Simu ya Mama Kadi iliita mara tatu siku hiyo, zote za bintiye. Ya nne aliipokea. Walilia tu, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.