Mkwe Haliwi

Rwamba, fundi wa viatu pale Kiirua, alikuwa na drafti aliyoichora mwenyewe juu ya ubao, na kete zake zilikuwa vifuniko vya soda. Alicheza kwa ukali, lakini akishakushinda hakukuacha uondoke na aibu yako. Alikueleza ulipokosea mpaka ukaelewa. Hakuweza kumvumilia mchezaji mwongo. Ndugu yake aliwahi kusukuma kete kwa kiwiko, na kwa mwaka mzima hawakusalimiana.

Hilo ndilo lililomtia mkewe, Karambu, wasiwasi siku ile ya soko. Alikuwa ameketi na viazi vyake karibu na kibanda cha mumewe. Mbele ya Rwamba aliketi Mutegi, kijana aliyetaka kumwoa binti yao Mwendwa. Tangu ajitambulishe nyumbani, Rwamba hakuwa amesema ndiyo wala la. Leo amemwita tu: "Njoo tucheze."

Mchezo ulienda vizuri mpaka Idrisi mwenye bucha alipopita.

"Haya, njooni muone kijana anayemla mkwe wake mbichi!"

Watu wakaangua kicheko. Mutegi hakucheka. Kwa Wameru mkwe huheshimiwa hata akiwa hayupo. Nani athubutu kusema sokoni kwamba amemla? Na hapo kete ya Rwamba ilikuwa wazi kuliwa, hata Karambu asiyecheza aliiona. Sheria ya drafti ni moja: ukiona cha kula, lazima ule. Mutegi akasogeza kete nyingine, pembeni kabisa.

"Hii hukuiona?" Rwamba akauliza polepole.

"Sikuiona, mzee."

Ndoa ya Mwendwa imekwisha, Karambu akawaza. Akaviacha viazi bila mtu, akawaendea.

"Baba Mwendwa, mtoto anakuheshimu. Atakulaje mbele ya watu?"

"Mama, uza viazi!" Idrisi akadakia. "Mtazamaji hana mdomo."

"Na huo wako umetoka wapi? Nenda kauze matumbo!"

Rwamba hakuwasikiliza. Aliirudisha kete ya Mutegi ilipokuwa.

"Kijana, heshima niletee nyumbani. Hapa ukinificha unachokiona, nitajuaje kesho hutamficha binti yangu? Kula."

Mutegi akapangusa kiganja kwenye suruali. "Nisamehe, mzee. Niliiona." Akala moja, akaruka, akala ya pili, na ya tatu. Watu wakapiga kelele. Baada ya hapo Rwamba hakuwa na pa kupita. Akashindwa, kwenye ubao wake mwenyewe.

Karambu hakuthubutu kumtazama mumewe usoni.

"Sasa niambie," Rwamba akasema, huku akizipanga kete upya. "Mimi nilikosea wapi?"

Mutegi akaweka kidole ubaoni. "Hapa, mzee. Ulifungua safu ya nyuma mapema."

"Hapa?"

"Hapana, hii. Ungeiacha ilinde, nisingeingia."

"Mm. Kweli." Rwamba akaisogeza kete mbele, akairudisha, akaisogeza tena. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugongana. Bila kuinua macho akauliza, "Wazee wenu Jumamosi wana nafasi?"

"Watakuwa nayo."

"Basi waje. Na wewe uje mapema kidogo. Hii ya nyuma sijaielewa vizuri."

Karambu akarudi kwenye viazi. Mteja mmoja alikuwa amesimama akinung'unika kwamba amengoja sana. Karambu akamwongezea viwili bila kuombwa.