Tundu Jipya la Mbea

Shangazi yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alijivunia mapindo yake kuliko watu wanavyojivunia watoto. Hakuinuka kwenye cherehani kabla pindo halijafika mwisho, hata ungemwambia nyumba inaungua. Ndiye aliyenifundisha kushona, na nilimpenda, lakini kwa ukaidi, punda angemwamkia shikamoo.

Alishona akiwa amejifungia kwa komeo, maana vitambaa vya watu ni amana. Mumewe akirudi kutoka kazini alipiga mluzi mlangoni, mmoja mrefu unaopanda mwishoni, naye akaenda kumfungulia. Shida ni kwamba koridoni, karibu na mlango huo, lilining'inia tundu la kasuku wao, aliyeitwa Mbea kwa sababu hakuwa na siri. Mbea aliuiba ule mluzi. Shangazi akawa anainuka bure, anafungua, hamna mtu, na ndege anamtazama kwa jicho moja. Mwishowe mke na mume wakapatana: mluzi mmoja ni wa Mbea, miwili ni ya mzee. Tulicheka sana, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Jioni moja ukasikika mluzi mmoja. Shangazi akaendelea na pindo la sketi huku akingoja wa pili. Haukuja. Alipofungua mlango baadaye akatupe vipande vya nguo, mumewe alikuwa ameketi kizingitini ameegemea mlango, akamwangukia miguuni. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata angefunguliwa mapema, pengine isingesaidia. Hilo "pengine" ndilo lililobaki na shangazi.

Tangu hapo alifungua kwa kila mluzi. Na Mbea, alipoona kila akipiga mtu anakuja mbio, alipiga kutwa. Shangazi anavuta komeo, anatazama kizingiti, anafunga, anarudi. Mapindo yake yakaanza kwenda upogo. Ndege naye akaanza kujinyonyoa, hadi kifua kikabaki kitupu, chekundu, na mimi nikawa nageuza uso nikipita pale.

Nilimleta fundi wa matundu, mtu mwenye mdomo. Alimtazama Mbea, akasema, "Mama, huyu unamnyonyoa kabla ya kumchinja?"

Shangazi hakucheka. Fundi akajirudi, akalipima tundu kwa mikono. Lilikuwa la duara, refu na jembamba, zuri kwa macho ya wageni.

"Ndege hapandi juu kama moshi," alisema. "Anaruka kwenda upande, na humu hata bawa hanyooshi. Upepo wa mlango unampiga, na hana kona ya kuegemeza mgongo. Mtafutie la pembe nne, pana, lenye vijiti vya matawi, likae ukutani chumbani mnakokaa. Akibaki hapa atajimaliza."

"La pana nitachukua," shangazi alisema. "Ila atakaa hapa hapa."

"Hapa halienei, mama."

"Basi nitengenezee linaloenea."

"Linaloenea ndilo hilo linalomuua."

Nilimvuta shangazi pembeni. "Shangazi, anayepiga ni ndege tu."

"Nilishasema ni ndege, mwanangu. Siku ile nilisema hivyo hivyo."

Hasira zikanipanda, kwa sababu nilimwonea huruma na sikujua pa kuipeleka. Nikamwambia, "Mzee alikufa mara moja. Huyu unamuua kila siku."

Shangazi akapitisha kidole kati ya nyaya, akagusa kile kifua kisicho na manyoya, na Mbea akamwachia. Asubuhi yake alinituma kwa fundi.

Tundu jipya liliwekwa katika chumba cha kushonea, mgongo ukutani, kando ya cherehani. Mwanzoni Mbea alipiga mluzi kama kawaida, ila sasa shangazi alimwona akipiga, mdomo wazi, koo likicheza. Miguu ya shangazi ilitaka kwenda hata hivyo. Alishika ukingo wa meza na kusema taratibu, "Ni yeye. Namwona. Ni yeye." Ilinichoma kumsikia.

Mbea alipoona haendewi mbio tena, akauacha mluzi, akajifunza mlio wa cherehani. Manyoya yakaanza kurudi, mororo, ya kijivu. Shangazi akarudi kunifokea kwa kushona upogo, nami nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani yameisha.

Jioni moja nilikuwa naye, nafumua mshono uliokosewa, yeye yuko katikati ya pindo. Mbea alikuwa ameshika karanga kwa mguu, anaibangua. Mlangoni ukasikika mluzi mmoja, mrefu, unaopanda mwishoni.

Nilimtazama ndege. Ganda la karanga lilikuwa bado mdomoni mwake.

"Ni watoto wa mtaani," nikasema.

Shangazi alikuwa ameshainuka. Pindo aliliacha nusu, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Alikwenda koridoni, akavuta komeo, akaufungua mlango wote. Kutoka nilipokaa niliuona mtaa, mtupu, na taa ya duka la jirani. Nikangoja afunge. Hakufunga. Alisogea kando hadi ukutani, kama unavyompisha mtu aliyechoka.

"Pita, mzee wangu," alisema. "Nimesikia."

Nyuma yangu, Mbea akaangusha karanga yake, akapiga wa pili.