Kiwanja cha Mama Mkwe

Nikimsikia mtu anasema serikali ya Mwingereza ilituokoa na malale, damu inanichemka. Mbung'o walikuwepo, sikatai. Ng'ombe walikufa, na watu walisinzia wameshika jembe mpaka wakaanguka. Lakini waulizeni kwanza walichotufanyia nyumbani kwetu, halafu ndiyo tuzungumze habari za kuokolewa.

Tulikaa upande wa Mabira, bondeni huko. Bibi mzaa mama alikuwa mjane, na mama ndiye mtoto pekee aliyembakia. Kwa hiyo baba alimkatia kibanja chake chini ya migomba yetu, akamjengea nyumba, akamfyekea na njia yake ya kwenda kisimani. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, halali naye chini ya paa moja, wala jina lake halitamki. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Baba akitaka kupita kule alikohoa mapema, na bibi akajifunika kanga mpaka apite. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maziwa huku na kurudisha ndizi kule. Walipendana sana wale watu wawili, sijui kama mtanielewa.

Basi ikaja amri ya serikali: kwa ajili ya mbung'o bonde zima lihame, twende makazi mapya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama maharage shambani. Kila mwenye kaya kiwanja kimoja, nyumba moja na jiko lake. Siku ya kuandikishwa mama alibaki nyuma aking'oa machipukizi ya migomba ya kwenda kupanda. Nilikwenda na baba, bibi akatufuata kwa mbali. Karani alikuwa kijana wa kutoka mbali, haijui desturi yetu hata moja. Akamwonyesha bibi kwa kalamu.

"Huyu nani? Anaitwa nani?"

Baba kimya.

"Mzee, nakuuliza! Ana kaya yake au hana?"

Baba akatazama miguu yake. Kumtaja mama mkwe mbele ya umati ule, hawezi. Bibi naye alikuwa amejifunika gubigubi, amegeuka upande, na kujibu mbele ya mkwewe hawezi. Nami nilikuwepo, jina la bibi nalijua vizuri, mdomo ninao! Lakini mtoto hadakii mambo ya wakubwa. Karani akasonya. "Basi yuko na nyie," akasema, akaandika, akaita mwingine. Bibi yangu akapoteza kiwanja kwa sababu tulikuwa na adabu.

Huko kwenye makazi bibi akaishia jikoni, na kuku na moshi. Baba akawa hakanyagi nyumbani mchana, chakula anakula barabarani amegeuzia mlango mgongo. Bibi akawa hatoki hata kwenda haja mpaka ahakikishe mkwewe ameondoka. Akaanza kukohoa. Baba akajenga kibanda kidogo nyuma ya migomba michanga. Msimamizi wa makazi akaja, akasema nyumba ni moja kwa kiwanja, akasimama pale mikono kiunoni mpaka baba alipokibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Jamani! Fito tu na nyasi. Zilimkosesha nani usingizi huko bomani?

Mama akanishika mkono tukaenda kwa karani kumwombea bibi kiwanja chake. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuungaunga, mimi nikawa namsaidia. Karani hakuwa mkali siku hiyo, alicheka tu.

"Mama, huyo ameshaandikwa kwa mumeo, na kiwanja ni cha mwenye kaya. Mke wa mtu hapewi. Labda ungekuwa umeachika, baraza likathibitisha, hapo ningekuandika wewe, watoto wako na huyo mama yako."

Alisema kwa mzaha. Mama hakucheka. Jioni alimweleza baba yale maneno, baba akiwa amekaa palepale barabarani na sahani yake. Baba akatafuna mpaka akamaliza.

"Basi tuachane," akasema.

Mama akalia, akamwambia ndoa yao ni ya kanisani, watawaambia nini watu? Baba akamuuliza kama hasikii kile kikohozi jikoni. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia.

Lakini baraza halikuwaachanisha watu hivihivi, lilitaka kosa na shahidi. Baba akanichukua asubuhi ya baraza, tukatembea polepole, akanifundisha. "Wakikuuliza, sema nampiga mama yako. Usinitazame mimi. Sema tu."

Wazee walikaa kwenye benchi, karani mezani na kitabu chake. Mama akasema yake sauti ikimtetemeka, wakadhani ni woga wa kipigo. Kisha wakaniita.

"Baba yako anampiga mama yako?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Hilo hatukuwa tumefundishana. Nikasema kila siku. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akamwambia baba aone haya. Baba akasema, "Naona haya, mzee wangu."

Mama akapewa kiwanja mwisho wa mstari, na bibi akapata paa lake, akakaa pale bila kujificha mpaka alipokufa. Nashukuru kwa hilo. Kanisani wazazi wangu waliondolewa kwenye meza ya Bwana, wakawa wanakaa nyuma kabisa, mama upande wa wanawake, baba upande wa wanaume. Watu wa makazi yale walimwita baba mpiga wanawake mpaka anaingia kaburini, na hakumjibu mtu.

Baba yangu hakuwahi kumpiga mama hata kofi moja. Lakini kitabu kile kiliandikwa na kikapelekwa bomani, na sijui kama kuna karatasi nyingine yoyote ya serikali yenye jina la baba. Hiyo ndiyo iliyobaki, na ni mimi niliyesema.