Jiwe Nililolipima Siku ya Posa

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana Kibosho nzima, hadi ng'ombe wa kule, wanajua kwamba mimi ndiye niliyemwaga mbege ya posa yangu.

Siku hiyo tulikuwa tumefika kwa kina Manka, mchumba wangu, mimi na baba mdogo aliyekuwa msemaji wetu, na pipa letu la mbege limewekwa bandani juu ya matofali, mfuniko umegandamizwa kwa jiwe jeusi ili upepo usiufunue. (Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo inayofungua midomo ya wazee; bila kuionja hakuna atakayetaja hata jina la binti.) Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa kimya. Sasa mimi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nina ndevu kumzidi mwalimu, kichwa kimejaa mpaka kinavuja, nikalitazama lile jiwe nikasema, "Baba mdogo, hili linafanana na kolumbaiti."

"Kolu nani?" akauliza mjomba wake Manka.

Ningesema samahani, yakaisha. Wapi! Nikaeleza kwamba ni jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana, lenye mng'ao kama wa chuma, na humo ndimo inamotoka niobi, metali ambayo chembe zake kidogo tu zikitiwa kwenye chuma, mabomba ya gesi na madaraja yanakuwa imara. Tena inaingia kwenye injini za ndege, na kwenye sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili. (Nikaongeza kwamba bila niobi dunia ingesimama. Hiyo haikuwemo kwenye somo.)

Mjomba akasogeza kiti. "Tutajuaje kama ndilo?"

"Tunalipima hewani, halafu majini. Likiwa ndilo, uzito wake unazidi mara tano ule wa maji ya ukubwa uleule."

Baba mdogo akanifinya paja. "Kijana, kaa."

Sikukaa. Nikaazima mzani wa kuning'iniza wanaopimia kahawa, nikaufunga kwenye boriti, jiwe nikalining'iniza kwa kamba ya mgomba, na ndoo ya maji, kwa akili zangu zote za jioni, nikaiweka juu ya mfuniko wa pipa, kwa kuwa ndipo kimo kilipotosha.

Kamba ikakatika.

Jiwe likatua ndooni, ndoo na mfuniko vikazama pipani, pipa likateleza kwenye matofali, na mbege, ee Mungu wangu, ikateremka migombani kama mto wakati wa masika. Kuku walikunywa mpaka jogoo akasahau kuwika wiki nzima (naapa).

"Yeleuwi!" shangazi yake Manka akapiga ukelele. Wazee wakaanza kuokota kofia zao.

"Wazee wangu," baba mdogo akabembeleza, "tuongee hata kidogo."

"Kwa midomo mikavu?" akajibu baba yake Manka. "Nendeni mkapike nyingine. Na mkirudi, huyo mtaalamu wenu mumwache huko huko."

Jiwe lenyewe lilipasuka. La volkano tu, kama yaliyojaa mlima mzima! Manka alinipigia simu na neno moja: "Ungelioa hilo jiwe."

Kwa hiyo Jumamosi posa yangu inapanda Kibosho na baba mdogo na pipa jipya, mimi nabaki nyumbani Kiboriloni. Lakini nimekula kiapo: nikiketi tena na wazee, hata wakinikalisha juu ya almasi, nitauliza tu ng'ombe wanaendeleaje.