Siku Asenath Alipokataa Kusukumiwa Pikapu

Mtaani Makongeni, Nairobi, gari likikwama, hungojei kuitwa. Ukisikia injini inakohoa, unaacha chai yako mezani na kutoka kusukuma. Kwa hiyo asubuhi ile ya masika, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mto ulipovunja kingo na kuijaza maji pikapu ya Asenath palepale alipoiegesha, wanaume walifika wakiwa wamekwisha kunja suruali.

"Ingia ushike usukani, Mama Javan," alisema jirani yake, Mulama. "Sisi tuko nyuma."

"Hapana. Leo haisukumwi."

Walidhani amechanganyikiwa. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Alikuwa ameuza uji na mandazi kwenye mageti ya viwanda miaka na miaka ndipo akainunua, akawa mwanamke wa kwanza pale mtaani kuendesha gari lake mwenyewe, akileta kabichi kutoka mashamba ya Kinangop. Tena aliikatia bima kubwa, pamoja na ya mafuriko, wenye magari wenzake wakamcheka: mafuriko ya wapi, kwani tunakaa baharini? Wao walikata ile ndogo ya kuwanyamazisha polisi. Lakini Phares, wakala wa bima, alikuwa amemwonya: maji yakiingia, asiwashe wala asisukumiwe. Injini ikivunjika kwa kuwashwa, kampuni itasema ameivunja mwenyewe.

"Injini imejaa maji," aliwaeleza. "Ikishtuliwa kwa kusukumwa itavunjika, na bima haitanilipa."

"Mimi nimesukuma magari tangu hujaijua Nairobi!" Mulama alifoka, akashika mlango.

Asenath akajifunga leso kiunoni, akapanda juu ya boneti, akaketi na matope yake. Wanaume hawa ndio waliobeba jeneza la mumewe, na kuwakatalia kulimuuma kuliko hayo maji. Hata hivyo hakushuka. Wakaondoka mmoja mmoja, wakinung'unika kwamba gari limempanda kichwani.

Mkaguzi wa kampuni alipokuja, alifungua plagi, akaizungusha injini kwa mkono, maji yakaruka yakamlowesha tai.

"Nani alijaribu kuiwasha?"

"Hakuna."

"Basi mama, umeiokoa. Tutaitengeneza."

Na kweli ikatengenezwa. Siku pikapu iliporudi, Asenath alipita nayo taratibu mbele ya wale waliomcheka, shingo imenyooka, akaizima mlangoni kwa Mulama.

"Shemeji, waite wenzako. Njooni msukume."

Mulama akatoka na uso uliokunjamana. "Kwani haiwaki?"

"Inawaka vizuri sana. Lakini siku ile niliwanyima."

Mulama akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Wakaja wote, suruali zimekunjwa ingawa hapakuwa na tone la maji. Wakamsukuma mtaa mzima, Asenath ameketi nyuma ya usukani kama bibi harusi, akina mama wakipiga vigelegele. Kwenye kona alitia gia, akaachia klachi, injini ikanguruma.

"Mnaisikia?" Mulama alipaza sauti, akihema, mikono bado imeinuliwa. "Mnaisikia pikapu yetu?"